Vijiti Viwili Juu ya Mabwawa ya Chumvi

Kapteni Krum Tasev aliniambia nifunge mdomo kabla injini hazijafikia nguvu kamili.

"Mimi si kipofu, binti. Usinisomee skrini kama mtangazaji wa mpira."

Ilikuwa wiki yangu ya tatu kama rubani msaidizi, na abiria mia moja na sitini walikuwa wameshacheleweshwa saa nzima pale uwanja wa ndege wa Burgas. Kazi yangu wakati wa kuruka ilikuwa kusoma kwa sauti maneno madogo yaliyo juu ya skrini, yanayosema mitambo ya kuongozea ndege iko katika hali gani: ya kupaa, au ya kushika kimo kilichowekwa. Chini yake kuna vijiti viwili vinavyomwonyesha rubani aelekeze wapi pua ya ndege. Vijiti hutii hali hiyo tu. Havijui kama mbele kuna nyumba.

Nilisoma moyoni. Nikasoma tena. Kushika kimo.

Alfajiri mafundi walikuwa wamejaribu mitambo na kuacha kimo kwenye sifuri, nasi kwa haraka zetu hatukukitazama. Vijiti vilikuwa vinatuamuru tubaki chini. Nilipopata ujasiri wa kusema, tulikuwa tumeshapita kasi ya kuweza kusimama.

Kapteni aliinua pua, akaona vijiti viko chini, akailaza. Magurudumu yaliacha lami lakini hatukupanda. Tulikwenda mlalo juu ya mabwawa ya chumvi, kasi ikizidi. Kundi la heroe, ndege wa miguu mirefu, likatimka mbele yetu. Mmoja akapasukia kwenye kioo changu, damu na manyoya vikatapakaa.

"Vuta, Kapteni! Hali si ya kupaa!"

"Niko kwenye vijiti!"

"Vijiti vinadanganya!"

"Nikiinua zaidi tutadondoka! Kaa kimya!"

King'ora cha onyo kikaanza kutupigia kelele tupande. Nikaukamata usukani wangu, uliounganishwa na wake, nikavuta. Akanipiga kwa kiwiko mdomoni. Nilisikia jino likivunjika.

"Umepata wazimu? Utatuua!"

"Unayetuua ni wewe!"

Nikavuta tena. Safari hii alinitandika ngumi jichoni, kisha akausukuma usukani kwa mkono wa pili. Nilimng'ata kifundo cha mkono hadi nikaonja damu, sijui yake au yangu. Hakuachia. Mbele, maghorofa ya Burgas yalikuwa yanakuja; niliona shuka zimeanikwa kwenye roshani.

Kwa nguvu nisingemweza. Na hata wakati ule niliamini hakutaka kumuua mtu yeyote. Alikuwa ameweka imani yake yote kwenye vijiti viwili, basi.

Nikaachia usukani.

"Afadhali!" akafoka.

Nikajitupa juu ya mitambo, chini ya mkono wake, kuelekea swichi ya vijiti vya upande wake. Alinishukia kisogoni kwa ngumi, mara moja, mara mbili. Paji la uso likagonga chuma. Kidole changu kikaifikia swichi, nikaizima.

Vijiti vikatoweka kwenye skrini yake. Hakuwa na kitu cha kufuata, akatazama nje.

"Mama yangu!"

Akavuta kwa mikono miwili. Uzito ukatukandamiza; nyuma, vigari vya chakula vikagonga kuta na watu wakapiga mayowe. Juu ya paa la ghorofa mwanamume mmoja alijitupa kifudifudi kando ya antena yake. Tukampita, na baada yake palikuwa na anga tupu.

Tulipofika futi elfu sita, Milka, mkuu wa wahudumu, akatupigia simu kutoka nyuma. Mkono wake umevunjika. Abiria wana majeraha. Wote wako hai.

Kapteni akanigeukia.

"Uso huo, ni mimi niliyekufanya hivyo?"

"Ndiyo."

"Mikono yangu haishiki tena, Ralitsa."

"Basi nipe ndege."

"Chukua."

Akaiweka mikono yake magotini, viganja juu. Nikatema damu kwenye kikombe, nikashika usukani, nikaanza kuwarudisha watu nyumbani.