Mfuko wa Ndani wa Gauni la Diwani

Nilipoambiwa kwamba mdogo wangu anafutwa, nilifurahi. Mungu anisamehe, lakini nimezeeka mno kuanza kudanganya.

Aliyeniletea habari ni mjukuu wangu anayefanya kazi maktaba. Nyumbani tunamwita Mkutubi tangu akiwa mtoto, kwa sababu alikuwa akipanga hata viatu vyetu kwa herufi za majina ya wenyewe. Siku za mapumziko huandika katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo watu huiandika bure na wengine huisoma bure. Humo alikuwa ameandika ukurasa kuhusu bibi yake mdogo, yaani mdogo wangu, aliyekuwa diwani wa kata yetu kwa miaka kumi. Nilijua upo. Mdogo wangu alikwisha kunionyesha kwenye simu mara nne, na mara ya nne nilijifanya sioni vizuri.

"Kuna mtu ameuweka kwenye orodha ya kufutwa," Mkutubi alisema huku akivua viatu mlangoni. "Anasema diwani wa kata moja hastahili ukurasa. Wanajadili kwa siku saba."

"Na wewe unasemaje?"

"Kanuni iko upande wake, bibi. Mbunge anaingia moja kwa moja. Diwani haingii kwa udiwani tu, mpaka magazeti yawe yalimwandika kwa kirefu, na si mara moja. La sivyo kila mwenyekiti wa mtaa angedai ukurasa wake."

"Basi ni haki," nikasema, nikaendelea na upindo wangu.

"Nina habari moja, ya siku choo cha soko kilipofunguliwa. Ile kubwa, ya ufunguo, siipati. Magazeti ya mwaka ule yaliliwa na mchwa pale maktaba, na ofisi ya gazeti lenyewe ilishafungwa. Wewe hukuliweka lile gazeti?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Fundi mwenye pini mdomoni hajibu, hilo kila mtu analijua. Nikatikisa kichwa.

Gazeti lilikuwa nyuma ya mgongo wake, limening'inia kwenye msumari.

Mafundi wa zamani hatukati kitambaa kwa kubahatisha. Tunakata gazeti kwanza: mkono, kola, kifua, mgongo. Tunaliweka juu ya kitambaa, tunalibana kwa pini, tunazungusha chaki, ndipo mkasi unapita. Karatasi nzuri hutunzwa miaka. Zangu nimezitunga kwenye uzi, zinaning'inia ukutani kama nguo za watu wembamba sana. Mkono wangu wa kike, saizi ya kati, na kola inayokwenda nao, vimetoka katika ukurasa mmoja, na ukurasa huo una picha ya mdogo wangu. Nusu ya uso iko kwenye mkono, nusu kwenye kola. Nilikusudia.

Ilikuwa hivi. Miaka ishirini na miwili iliyopita soko letu halikuwa na choo cha wanawake. Wauza mboga walikuwa wakijizuia tangu alfajiri hadi jioni, na wengine waliugua. Kabla ya uchaguzi walikuja barazani kwangu wanawake tisa, wakaniomba nigombee mimi. Nikawaambia nina sare za shule sitini zinanisubiri, nendeni kwa mdogo wangu, yeye ana mdomo na ana nafasi. Wakaenda. Akashinda.

Kwenye baraza la madiwani wakamkatalia hicho choo mara tatu. Siku moja alikuja nimpime gauni, akawa analalamika na kurusha mikono mpaka tepu ikanitoka.

"Wanakunywa chai vikombe vitatu vitatu, dada, halafu wananiambia choo si jambo la dharura!"

"Kwani wao wanacho?"

"Wanacho. Kimoja, kina kufuli. Ufunguo unatundikwa mlangoni pa ukumbi."

"Basi uchukue wewe. Kaa nao mpaka wapige kura. Tutaona dharura ni kitu gani."

Tulicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akanitazama. "Dada, nitilie mfuko kwa ndani. Wenye kifungo."

Nikautia, ubavu wa kushoto, mshono mara mbili ili ufunguo usitoboe. Kikao kikaanza saa tatu asubuhi. Chai ikanyweka. Kufika saa saba mchana choo cha soko kilikuwa kimepitishwa bila mpinzani hata mmoja, na mwenyekiti wa halmashauri aliinua mikono yote miwili.

Gazeti likaandika ukurasa mzima, na picha yake anacheka, ufunguo mkononi. Aliniletea mwenyewe, anahema. "Dada, soma!" Nikasoma nimesimama. Mwandishi alikuwa amemuuliza wazo lile alilipata wapi, na jibu liko safu ya tatu: "Lilinijia nikiwa peke yangu nyumbani." Nikatafuta neno dada. Nikatafuta neno fundi. Mfuko ulikuwapo, "mfuko wa siri ndani ya gauni," kana kwamba gauni lilizaliwa nao.

Nikasema, "Hongera." Alipoondoka nikachukua mkasi.

Tangu hapo nimembana kwa pini mara ngapi, sina hesabu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi wangu nilimtundika ukutani.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimeshona upande mmoja. Tangu macho yangu yaanze kuchoka, mdogo wangu huja kila Jumanne, na fimbo yake, kunitungia sindano. Hutunga kumi, nyuzi za rangi mbalimbali, akazichomeka kwenye kimto, zikanitosha wiki nzima. Mvua ikinyesha huja. Akiumwa goti huja. Hajawahi kuuita msaada. Husema amekuja kunywa chai. Na hukaa kwenye kigoda kilekile, chini ya uso wake mwenyewe niliougeuzia ukutani.

Jumanne ya wiki ile alitunga sindano polepole.

"Umesikia nafutwa?"

"Nimesikia, Mheshimiwa."

"Sijafa, wameshaanza kunifuta. Huku kwenye kata nako wamenisahau. Juzi nilipita sokoni nikaingia pale, binti mmoja akaniambia, 'Bibi, panga foleni.' Choo changu mwenyewe!"

Nilicheka, na nilicheka kwa raha. "Choo chako," nikasema.

"Eeh, changu. Cha nani mwingine?"

Angesema chetu, ningemshushia gazeti palepale. Akamaliza ya kumi, akanywa chai yake, akaondoka. Nilimsindikiza hadi mlangoni, gazeti likabaki ukutani.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Mkutubi alikuja na kompyuta yake, akaiweka juu ya meza ya kukatia, akanisomea yaliyoandikwa. Wawili walimtetea mdogo wangu. Watatu walitaka afutwe. Wa tatu alikuwa ameandika hivi: "Diwani wa choo. Nani atamkumbuka mtu kwa sababu ya choo? Choo si historia. Futa."

"Rudia," nikasema.

Akarudia.

"Mwandikie huyo kwamba hajawahi kubanwa sokoni na kapu la nyanya mbele yake."

"Bibi, hiyo si hoja kwao."

"Basi waandikie kwamba mimi nilikuwepo. Mimi najua siku ile ilivyokuwa, mwanzo mpaka mwisho."

"Kamusi elezo haipokei 'mimi najua'. Kinachoingia ni kilichochapishwa."

Alisema kwa upole, akaniwekea mkono begani. Nami nikaona jinsi nilivyonaswa. Kilichochapishwa ni uongo wa mdogo wangu. Nikitoa gazeti, uongo ule utasomwa na dunia nzima. Nikilificha, anafutwa yeye, lakini choo nacho kinafutwa, na wanawake tisa, na ufunguo, na ule mfuko wenye mshono mara mbili. Huyo mtu asiye na adabu hakuwa anamtukana mdogo wangu peke yake. Alikuwa anadharau wazo langu mimi.

Sitasema nilimhurumia mdogo wangu. Nilikionea uchungu choo changu. Nikasimama, nikatungua mkono na kola, nikavilaza mezani.

Mkutubi akaviunganisha. Akainama. "Bibi! Macho yake..."

"Ni mkono wa kike, saizi ya kati. Usiukunje, bado naufanyia kazi."

Kabla sijameza mate alikwisha kupiga simu: "Bibi mdogo, limepatikana! Lilikuwa huku huku!" Na mdogo wangu akaja, fimbo ikimfuata nyuma badala ya kumtangulia.

Aliinama juu ya meza muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya uso wake.

"Mashimo haya ni ya nini?"

"Ya pini."

"Yote?"

"Nimeshona mikono mingi, mdogo wangu."

Kidole kikashuka hadi safu ya tatu, kikasimama. Akasoma kwa midomo, bila sauti. Kisha akajivutia kigoda chake akakaa.

"Kumbe ulisoma mpaka huku. Nilidhani uliishia kwenye picha. Hukusema kitu."

"Nilisema hongera."

"Walikuja kwako kwanza, dada." Alikuwa anaitazama fimbo yake, hanitazami mimi. "Wale tisa. Kila mtu sokoni alijua mimi ni wa pili. Kila nikipigiwa makofi nilikuwa naona yananipita yanakwenda kwako, na wewe wala huyataki, umeinamia cherehani. Nikasema basi, hili moja liwe langu."

Miaka yote ile nilidhani wivu unakaa kwangu tu, kumbe ulikuwa na chumba na kwake.

Akamgeukia Mkutubi. "Andika kwamba wazo ni la dada."

"Siwezi, bibi mdogo. Gazeti halisemi hivyo. Na wewe huruhusiwi kujiandikia."

"Basi lile la 'peke yangu' usiliweke."

Mkutubi akafikiri, akikuna kichwa kwa kalamu. "Kuacha naruhusiwa," akasema.

Akapiga picha vipande vyote viwili, pamoja na mashimo ya pini, akaandika palepale mezani kwangu, akawaonyesha wenzake. Kesho yake ukurasa uliamuliwa ubaki. Yule wa tatu alibadili kura yake, akaongeza swali: "Mikono yote miwili, kweli?"

Nilimwomba Mkutubi anisomee. Kuna sentensi inasema diwani aliuficha ufunguo katika mfuko wa siri uliokuwa ndani ya gauni lake. Mimi sijatajwa popote. Siwezi kusema hainiumi. Inaniuma, hasa asubuhi. Lakini mfuko upo, na gauni halijitii mfuko lenyewe. Mwenye akili atauliza.

Jumanne mdogo wangu alikuja kama kawaida. Alitunga sindano zake kumi. Halafu akanyanyuka, akaugeuza ule mkono wa gazeti pale ukutani, nusu ya uso wake ikatazama nje.

"Niache hivi," akasema. "Na mimi nikuone unavyofanya kazi."

"Siahidi," nikamjibu. "Kesho nina mteja wa gauni la mikono mirefu."

Akacheka, akaitisha chai.