Picha Iliyopakwa Mafuta

Mtoto wetu mimi sikumwona. Niliingia chumba cha upasuaji nikiwa naye tumboni, nikazinduka nimeshonwa, mikono mitupu, na kichwa kizito kwa dawa. Nilipoweza kukaa kitandani, alikuwa ameshazikwa. Mume wangu ndiye aliyempokea kwa nesi, ndiye aliyemfunika, ndiye aliyemzika. Kisha akarudi nyumbani na mdomo wake kaufunga kama mtu aliyeushona mwenyewe.

Si kwamba zamani alikuwa msemaji. Ni fundi wa ngozi. Anatengeneza mikoba, mikanda na pochi, kila kitu kwa mkono. Hutoboa kwa msharasi, akashona kwa uzi uliopakwa nta, tundu baada ya tundu. Wateja walimtania kwamba mikoba yake inazungumza kuliko yeye. Lakini zamani ukimwomba neno, alikupa neno. Tangu mazishi, kila nilipomuuliza, "Alikuwaje? Alifanana na nani?" aliinuka akaenda kunoa kisu. Kisu kile kilinolewa mpaka kikawa chembamba kama jani.

Nikabaki na picha moja tu, ile ya ultrasaundi niliyopewa siku za mwisho mwisho za mimba. Ilionyesha paji la uso, pua fupi na mdomo umebinuka kidogo kama wa mtu aliyenuna. Niliiweka chini ya mto. Mchana nilihama nayo, nikienda jikoni iko kifuani, nikienda uani iko kifuani, hadi pembe zake zikaanza kulegea.

"Mwanangu, unajikwangua kidonda," mama mkwe aliniambia. Alikuwa amekuja kuniuguza. "Hicho kikaratasi kitakumaliza."

"Mama, wewe mwanao unamwona anakula," nilimjibu.

Hakukasirika. Aliendelea kunikanda miguu.

Sasa nieleze habari ya jua, maana bila jua haya yasingetokea. Mwaka niliosoma masomo ya jioni tulifundishwa kuchapa picha kwa mwanga. Unachanganya dawa mbili za unga na maji, unapaka kwenye karatasi au kitambaa, ndani ya chumba kilichofungwa mapazia, unaacha ikauke. Juu yake unaweka jani, au kitambaa cha nyavu, au picha, unafunika kwa kioo na kuitoa nje. Panapopigwa na jua panakuwa buluu. Penye kivuli, ukishasuuza, panabaki peupe. Nikaupeleka ujuzi ule kwenye meza ya mume wangu. Ngozi yetu ya kawaida, ile inayoiva kwa magome ya miti, iliukataa kabisa. Dawa ilipoigusa tu, ikawa nyeusi kama kitako cha sufuria.

"Nilikuletea ngozi, umenirudishia mkaa," mume wangu alisema, akacheka mpaka akakaa chini.

Tuliharibu vipande vingi. Mwisho ngozi nyeupe ya mbuzi ikakubali, ikatoa buluu iliyokolea kama wino. Tukawa tunauza pochi zenye vivuli vya majani, na watu walizipenda. Nilimfundisha kila nilichojua. Nilimwambia pia, "Picha ya karatasi haipitishi mwanga vizuri. Ipake mafuta nyuma, iwe kama karatasi iliyofungiwa kitu cha kukaanga." Neno hilo alilishika.

Siku yenyewe, mama mkwe alinipeleka zahanati mshono wangu ukaangaliwe. Nilikuwa nimeoga kwa haraka, nikaisahau picha chini ya mto. Tuliporudi jua lilikuwa limesimama kichwani. Mume wangu alikuwa amechuchumaa uani mbele ya beseni, na kioo chetu kimeegemea ukuta.

"Umekula?" nilimuuliza.

"Usije huku."

Nikaenda. Ndani ya beseni kilielea kipande cha ngozi nyeupe ya mbuzi, kimekatwa vizuri, matundu ya kushonea yameshatobolewa pembeni. Ukingoni kilikuwa buluu. Katikati palikuwa na mraba uliopauka, mtupu. Na juu ya jiwe, kando ya beseni, ilikuwa ile karatasi. Ilikuwa nyeusi yote, inang'aa mafuta.

Karatasi ya ultrasaundi ni kama ya risiti za dukani. Haina wino, huandikwa kwa joto, na likizidi joto lile lile huifanya nyeusi yote. Chini ya kioo, saa ya jua kali, palikuwa tanuri. Hilo darasani hatukuambiwa, kwa hiyo nami sikuweza kumwonya.

"Nilitaka uwe naye kwenye kitu kisichochanika," alisema bila kuniangalia. "Nimepaka nyuma tu. Kidogo. Kama ulivyosema."

Mama mkwe alisimama na mfuko wangu wa dawa mkononi. "Na wewe nawe, usingeuliza kwanza?"

"Ningeuliza, ingekuwa zawadi gani, mama?"

Niliiokota ile karatasi. Niliigeuza huku na huku kwenye mwanga nikitafuta pua, hata ncha ya pua. Mafuta yakanishika vidole. Hakukuwa na kitu.

"Umemzika mara ya pili," nilimwambia.

Akakaa palepale kwenye maji yaliyomwagika.

"Basi, mkwe wangu," mama alisema. "Inatosha."

"Haitoshi, mama. Uso wake sasa uko kichwani mwa huyu peke yake. Akikataa kunipa, mimi sina mtoto. Nina mshono tu."

Kisu kilikuwa juu ya meza yake ya kazi, pale uani, karibu naye. Nilikiangalia, naye akakiangalia. Hakukichukua. Mama mkwe akageuka aingie ndani.

"Kaa, mama," mume wangu alisema. "Hata wewe sijakwambia."

Alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena.

"Alikuwa na nywele."

"Nyingi?" nilimuuliza.

"Nyingi. Zimelowa, zimelalia upande mmoja. Na sikio moja lilikuwa limekunjika. Nikalikunjua, likajikunja tena."

"Lako lilikuwa hivyo hivyo," mama mkwe alisema taratibu. "Lilikaa hivyo hadi ukaota meno."

"Ngozi yake je?" niliuliza.

"Ngozi usiniulize. Ninashika ngozi kutwa. Usiniulize."

Mama alinishika mkono, maana mshono ulikuwa unavuta, akanisaidia kukaa chini kando ya mume wangu.

"Basi niambie mikono."

"Alikuwa amefumba. Wa kulia niliufumbua, nikaweka kidole changu katikati." Akakinyoosha kidole kile, akakitazama. "Hakukishika. Nikangoja. Yule nesi alikuja mara mbili kuniambia muda umekwisha, na mimi nangoja. Hakukishika."

"Kisha?"

"Kisha nikampa jina. Sikutaka azikwe bila jina."

"Hukuniambia."

"Nilijua nikilitaja nitalia."

"Lia," mama yake alisema. "Nani amekukataza?"

Akalitaja, akilia. Mama mkwe akalirudia polepole. Nami nikalitamka, mara ya kwanza vibaya, mara ya pili sawasawa.