Sufuria Iliyobaki, Ubao Uliokuja

Mwaka 2015, familia ya Nicodème ilipokimbia Burundi, kila mtu alipewa mzigo wake. Mkewe Godeberthe alimbeba mtoto wao Ineza mgongoni na gunia la maharage kichwani. Nicodème aliambiwa abebe sufuria kubwa. Walipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, akatua shuka aliyoibeba njia nzima, akaifungua, na ndani mlikuwa na ubao wa ikibuguzo, bao la Kirundi: mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne. Hakuna kete hata moja iliyopotea njiani. Hilo alilitaja mwenyewe, akidhani litasaidia.

Hoja yake haikuwa mbaya, na kwa miaka kumi hakuchoka kuirudia. Sufuria hupatikana popote penye watu; ubao uliochongwa na babu haupatikani. Ila siku ile masufuria ya kugawiwa wageni kambini yaliisha watu wawili mbele yao, na kwa wiki tatu Godeberthe alipikia katika kopo la rangi aliloazima kwa jirani. Maharage yalitoka ya buluu. Hata sufuria ilipopatikana, Ineza alilia alipopewa ya kawaida.

Tangu hapo, paa likivuja, Godeberthe alisema ubao utaziba. Mtu akiugua, alishauri apewe kete ameze. Padri alipohubiri juu ya Nuhu na kila alichokumbuka kuingiza katika safina, Godeberthe alimgeukia mumewe. Alimtazama tu mpaka mahubiri yakaisha. Nicodème aliwahi kumwambia kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

“Aliyeumwa ni mimi,” mkewe akajibu. “Wewe ulikuwa unabuguza kete zako.”

Basi ilipofika habari kwamba ukumbi mmoja mjini Mbarara unaandaa maonyesho ya michezo, ya zamani na ya sasa, na kwamba unatafutwa ubao wa kale, Nicodème hakulala usingizi. Ubao ukikaa ndani ya kabati la kioo, na watu wakitoka Biharwe na Ruharo kuja kuutazama, Godeberthe atakosaje kukiri kwamba mumewe hakukosea? Neno hilo moja alilitamani kuliko safari ya Kanada, ndoto ya kambi nzima.

Walikwenda wote wawili, ubao ukiwa begani kwa Nicodème. Ukumbini walikuta ludo yenye kioo kilichopasuka, dama ya vizibo vya soda, na mashine ya gemu za televisheni iliyokuwa ya kwanza kufika mtaa ule na ambayo haiwaki tena. Kila kimoja kilikuwa na kadi ya historia yake. Kati ya ludo na mashine palikuwa na nafasi moja wazi.

Mbabazi, binti mwenye kusimamia maonyesho, aliupokea ubao kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku.

“Mzee, hii sisi tunaita omweso. Iko na miaka ngapi?”

“Babu yangu aliuchonga kabla baba hajazaliwa. Na ni ikibuguzo, dada.”

Mbabazi akaandika omweso, maana kadi ilikuwa yake. “Na ilifika Uganda namna gani?”

Nicodème akakohoa. Alikuwa na hotuba, ameifanyia mazoezi shambani wiki nzima. Lakini Godeberthe alikwisha kuanza.

Alisimulia yote. Sufuria iliyoachwa juu ya mafiga ikiwa bado ya moto. Njia. Shuka. Foleni iliyokatika watu wawili mbele yao. Kopo la kuazima, na jinsi alivyolisugua kwa mchanga mpaka vidole vikatoka damu na rangi isitoke. Mbabazi aliandika mpaka akageuza kadi upande wa nyuma. Miaka kumi Nicodème alikuwa akiyasikia haya vipande vipande, kwa mafumbo. Leo aliyasikia kwa mpangilio, na yalikuwa mabaya kuliko alivyodhani. Hakuwahi kusikia habari za vidole. Aibu ikampata, aibu ya kweli.

“Nilikosea,” akasema.

Godeberthe akamgeukia.

“Hiyo pia niandike?” Mbabazi akauliza.

“Hiyo usiandike,” Godeberthe akasema.

Ikabaki sahihi tu, na ubao ungekaa pale. Nicodème akashika kalamu. Godeberthe akautoa ubao kwenye nafasi yake kati ya ludo na mashine, akaanza kuufunga katika kitenge chake.

“Mama nyabo, kuna shida?” Mbabazi akauliza.

“Ukibaki hapa,” Godeberthe akauliza, naye hakuwa akitania, “kule nyumbani nitamsema juu ya nini?”

Godeberthe akajitwika ubao, akatoka. Nicodème alimfikia karibu na steji ya mabasi, akanyoosha mikono apokee mzigo, kwa kuwa ulikuwa mzito na watu walikuwa wanawatazama.

“Acha,” mkewe akasema. “Wewe uliubeba toka Burundi. Pumzika.”