Kidole Gumba cha Mkwe

Mume wangu ana ugonjwa wa kufufua kompyuta za zamani. Meza yetu ya chakula imegeuka karakana. Ukitafuta chumvi unapata skrubu. Hapo ndipo alipotengeneza kidude cha kuchomekwa mahali pa disketi, ili kompyuta zilizozeeka zisome kadi ndogo kama ile ya simu.

Kwenye kundi la simu la wagonjwa wenzake alikuwa mkweli kupindukia. Kila aliyekitaka aliandikiwa: "Nimekitengeneza nyumbani, mimi si kiwanda. Kinaweza kugoma. Usitegemee makubwa." Wengi walinuna, wengine wakadai dhamana. Mmoja tu, aliyejiita Karani Mstaafu, alijibu kila mara, "Nimeelewa, fundi." Mume wangu alimpenda huyo karani kama ndugu, na hawajawahi kuonana.

Kisha, tulipomtembelea mama yangu, naye akaomba kimoja. Alipiga chapa ofisini miaka mingi, na alipostaafu walimwachia kompyuta yake. Disketi zilikuwa zimekufa zote, naye alitaka tena ule mchezo wa karata aliokuwa akiucheza kwa kujificha saa ya chakula.

"Itafanya kazi kama mpya, mama," mume wangu akasema.

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza mbona hakumwambia kwamba kinaweza kugoma.

"Mama mkwe haambiwi 'labda'," akanijibu. "Tangu tuoane ananiona mchezea mabaki. Kikigoma, nimekwisha."

Nilimwonea huruma, ingawa mkono ulikuwa unaniwasha kumzaba kofi.

Siku ya kukifunga, sebuleni kwa mama, alifungua mgongo wa kompyuta, akachomeka, akawasha. Kioo kikabaki cheusi. Jasho likamtoka. Akakibonyeza kidude kwa kidole gumba, karata zikajaa kwenye kioo. Akaachia, zikapotea. Akabonyeza tena, zikarudi.

"Mbona umekishikilia?" mama akauliza.

"Kinapata joto kwanza, mama."

Basi akabaki amechuchumaa nyuma ya meza, mkono ndani ya kompyuta, mama akicheza kwa raha zake. Chai nilimnywesha mimi. Jirani alikuja kuazima ngazi, akamnyooshea mkono, akaishia kushikana na hewa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikaona macho yamemlowa, nikaacha.

"Mama," akasema hatimaye, "nilikudanganya. Hiki ni cha kujitengenezea tu. Nikikiachia, kinazima."

"Najua," mama akasema, macho yakiwa kwenye kioo. "Kinaweza kugoma, nisitegemee makubwa. Uliniandikia mwenyewe."

Mume wangu akanitazama mimi, mimi nikamtazama mama.

"Karani Mstaafu ni mimi, baba. Nilijiunga nijue mkwe wangu anahangaika na nini kwenye hiyo meza. Nikakuta mtu mkweli, nikajivunia wewe. Halafu ukaja hapa kwangu na habari za 'kama mpya'. Watu baki unawaambia ukweli, mimi unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hilo ndilo lililoniuma, si kidude."

"Nisamehe, mama," akasema kwa sauti ndogo, akaanza kuutoa mkono taratibu.

"Nani kakwambia uachie?" mama akasema. "Kaa hapohapo, nakaribia kushinda."