Sufuria Iliyokataa Upawa Wangu

Usiku wa jana, nikiwa nimeshaswali witri na kulala ubavu wa kulia, niliota nimeitwa kupakua pilau kwenye shughuli.

Hilo halikunishangaza. Hapa Mikoroshini shughuli haipakuliwi bila mimi. Nimeshika upawa tangu marehemu mume wangu, Mwinjuma, yu hai, na sheria yangu wanaijua wote: mpakuaji hawapakulii wanawe. Mwanao akija na sahani, unampa mwenzio upawa, wewe unatazama pembeni. Ndiyo maana nyama hufika mpaka mkeka wa mwisho.

Lakini ua hauna mikeka. Pana sufuria moja tu, kubwa kama chumba, na chini yake hamna moto. Nafunua kifuniko. Ndani hamna wali. Mna maneno, yanachemka.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo," sufuria inasema.

"Marahaba. Wewe pilau gani?"

"Mimi si pilau. Mimi ni makala ya mji wenu, kwenye ile kamusi elezo kubwa ya mtandaoni. Kila mtu anaruhusiwa kunikoroga."

Hapo nikakunja uso, maana makala hiyo naijua. Juzi binti yangu Saumu, anayefanya kazi ofisi ya habari ya kiwanda cha chumvi, alinisomea kwenye simu yake. Eti kisima cha mtaani kilichimbwa na kiwanda, na maji yake ni matamu. Kisima kile kachimba Mwinjuma kwa mikono yake, kiwe sadaka ya kumfuata kaburini. Na maji yamekuwa chumvi tangu kiwanda kilipochimba madimbwi yake nyuma ya mtaa. Nikamuuliza Saumu nani kaandika. Akasema chai inapoa.

"Nani kakutia uongo?" naiuliza sufuria.

"Hao wanakuja."

Kweli, wanakuja. Wafanyakazi wa kiwanda, kofia ngumu za njano kichwani, kila mmoja kafungwa kamba mkononi, na mwisho wa kamba pana beberu. Wa mbele ni meneja, Bwana Tendwa. Beberu wake ana kimo cha ng'ombe, anamtafuna tai ya shingoni.

"Mbuzi wa nini kwenye sufuria ya watu?"

"Hao ndio maslahi," sufuria inasema. "Kila mtu huja na wake. Sheria inasema wakitaka kugongana, wagongane nje."

Mabeberu sheria hawaijui. Wanagongana pembe hapo hapo, paa, paa, vumbi linaingia kwenye maneno. Bwana Tendwa hajali. Anamimina ndoo ya sukari.

"Kiwanda kinachoongoza," anasema. Anamimina tena. "Kinachojali. Rafiki wa mazingira."

"Sukari kwenye chakula cha watu, baba?"

"Usahihishaji mdogo tu, mama."

Kisha anazamisha koleo, anaopoa sentensi nzima. Sentensi inapiga kelele kama kuku aliyeshikwa mbawa: "Maji ya kisima yana chumvi! Maji ya kisima..." Anaitupa nyuma bila kugeuka. "Maliza hiyo," anamwambia aliye nyuma yake.

Aliye nyuma yake ni Saumu. Beberu wake mdogo, mbavu nje, na beberu huyo kajifunga mtandio wangu wa Idi.

"Saumu! Mtandio wangu huo!"

"Mama, niko kazini."

"Kazini, kumfuta baba yako?"

"Sijamfuta mimi. Mimi nimebonyeza tu."

Ya Rabi. Nachukua upawa wangu, nauzamisha niandike ukweli. Hauzami. Maneno yamekuwa magumu kama ukoko.

"Wewe Mwinjuma nani wako?" sufuria inaniuliza.

"Mume wangu."

"Basi tazama mkononi."

Natazama. Kamba. Nyuma yangu kakaa beberu mwenye ndevu nyeupe, amevaa kofia ya Mwinjuma, katulia kama mtu anayengoja chai.

"Lakini mimi nasema kweli!"

"Huenda. Na mwanao akija na sahani, haki ya nyama si anayo? Mbona upawa unampa mwenzio?"

Nilitamani kuipiga teke.

"Maji hayo nayanywa kila siku!"

"Ulimi wako hautoshi, Bi Mwanakombo. Tunataka ulimi uliochapishwa, wa kitabuni au gazetini."

Nautoa ulimi, naugeuza huku na huku. Haukuchapishwa kitu. Beberu wa marehemu anatazama pembeni kwa aibu.

Napiga hatua moja kuondoka, niko chini kisimani. Wote tumo, na mbuzi wetu. Maji yanafika magotini. Pembeni pana baraza ya saruji, na juu yake kakaa mwanamume anamenya karanga. Hana kamba, hana mbuzi. Anasema katoka Kigoma, chumvi yetu haijui wala marehemu wetu hamjui.

"Karibuni kwenye majadiliano," anasema. "Kila mmoja aseme ni mtu wa nani, kisha aseme anachotaka. Nitapima."

"Utapima lini?"

"Nikimaliza karanga."

Karanga zenyewe gunia.

Haya. "Mimi Mwanakombo, mjane wa Mwinjuma. Naomba maneno ya kisima yarudishwe." Beberu wangu analala, anakuwa mdogo kama paka.

"Mimi msomaji wa kawaida," anasema Bwana Tendwa. Beberu wake anavimba. "Wa kawaida kabisa!" Anavimba tena, anaziba mdomo wa kisima. Giza. Na maji yanapanda, kiunoni, kifuani. Saumu wangu hajui kuogelea.

"Sema, mwanangu!"

"Watanifukuza kazi, mama!"

"Kazi utatafuta nyingine. Sema wewe mtu wa nani!"

Maji yanamwingia mdomoni. Anatema. "Chumvi! Maji ni chumvi!"

"Hilo nitalipima," anasema yule wa karanga, maji yakimfika kidevuni, bado anamenya. "Wewe nani?"

"Saumu binti Mwinjuma! Nimeajiriwa na kiwanda! Wamenituma nifute, nikafuta!"

Beberu wake mdogo akafungua mtandio, akamkabidhi. Maji yakashuka kama yaliyochomolewa kizibo.

Nikaamka. Muadhini anaadhini alfajiri. Nikaenda moja kwa moja sandukuni kutafuta mtandio wangu wa Idi. Haumo. Nikafunua pazia la chumba cha Saumu. Kakaa kitandani, simu mkononi inawaka.

"Saumu. Mtandio wangu."

Akaingiza mkono chini ya mto, akanipa bila kuuliza upi. Ulikuwa umelowa, na ncha yake moja imetafunwa.

"Nimeshaandika kwenye majadiliano mimi mtu wa nani," akasema. "Sasa, mama, yule wa karanga atamaliza lini?"