Wati za Kutosha

Fundi cherehani alidhani ni pasi. Aliikimbilia, akainyanyua, akakagua suruali ya mteja pande zote. Kumbe kitambaa ni kizima, na harufu ya kuungua inatoka kwenye kompyuta. Kioo kilikuwa kimeshazimika, na nakshi ya kola aliyoichora tangu asubuhi imekwenda na maji.

Kompyuta ile aliiunda binti yake, kipande kwa kipande, juu ya meza hiyohiyo ya kukatia vitambaa. Baba alikuwa akimshikia tochi na kumuuliza maswali ya kijinga makusudi, maana alipenda kumsikia akieleza. Siku ya kusafiri, binti alichomoa kadi ya picha, kile kipande kinachoipa kompyuta nguvu ya michoro mizito, akaiviringisha ndani ya sweta. Huko aendako angeihitaji kwa kazi, alisema, ila akirudi ataichomeka mahali pake. Kazi yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, ukafuata mwingine, na baba akajifunza kutouliza.

Muuzaji wa vipuri, mama mcheshi mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alilifungua boksi la kompyuta dukani kwake, akanusa, akakunja pua.

"Pawa saplai imekata roho, fundi. Vingine vizima." Akaweka mbili juu ya kaunta, visanduku vya chuma vya kugawa umeme, vyenye feni na mkia wa nyaya. "Hii ndogo, hii kubwa. Kinachoamua ni vilivyomo ndani. Kadi ya picha ndiyo mlafi wa umeme. Kama unayo, chukua kubwa, la sivyo kompyuta itakuzimikia katikati ya kazi. Unayo?"

Swali jepesi, lakini fundi alikwama. Nafasi ya kadi ilikuwa wazi mbele ya macho yake, imejaa vumbi na vipande vya uzi. Akisema ndiyo, atakuwa mwongo. Na hilo neno hapana hakuwahi kulitamka, hata akiwa peke yake.

"Ngoja nimpigie mwenye nayo," alisema.

Zamani swali kama hilo lingemtia binti wazimu wa furaha. Angejumlisha wati za kila kipande, angeongeza za akiba, kisha angemkanya baba asiuziwe takataka. Fundi aliisubiri hotuba hiyo kwa hamu, simu ikiita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Pawa saplai imeungua, niko dukani. Nichukue kubwa au ndogo?"

Nyuma ya binti watu walikuwa wakicheka kwa lugha ambayo baba hakuijua.

"Chukua ndogo, baba. Itakutosha."

"Na ile kadi yako?"

"Chukua ndogo tu."

Hakuwa amekasirika. Alisema kwa upole, kama mtu anayefunga mlango taratibu asimwamshe aliyelala. Fundi alielewa, na kuelewa kwenyewe kulimuuma kuliko miaka yote ya kungoja.

"Haya, mama. Kazi njema."

Aliirudisha simu mfukoni, akajifanya anasoma maandishi ya kwenye katoni. Herufi zilikuwa zikicheza.

"Nipe kubwa."

"Kwa hizo nakshi zako?" Muuzaji aliangua kicheko. "Fundi, huko ni kukodi basi zima kumpeleka mtu mmoja sokoni!"

"Nipe hiyohiyo."

Muuzaji alimtazama usoni, utani ukamwisha. Alikaza skrubu, akachomeka nyaya, kompyuta ikawaka. Zilibaki nyaya za kadi, zisizo na pa kwenda, akazikusanya azifunge na kuzisukumia nyuma.

"Hizo ziache," fundi alisema. "Ziweke hapo karibu na nafasi yake."

Jumapili binti alipiga mwenyewe. Waliongea habari za mvua, za goti la baba, za wateja wasiokuja kuchukua nguo zao. Mazungumzo yakaisha, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuaga.

"Baba, uliweka ile ndogo?"

Mezani feni ya pawa saplai kubwa ilikuwa ikizunguka polepole, haina kazi nyingi.

"Ndogo, mama," alisema. "Inatosha kabisa."