Gari la Watu Watatu

Mume wangu Leonard alichagua gari kwa miezi minne. Mimi alinichagua kwa wiki mbili.

Ilikuwa mwaka 1997. Kuagiza gari hakukuhitaji tena barua ya kigogo; kulihitaji wakala wa Arusha na picha za rangi. Leonard, bwana shamba mwenye mkoba wa ngozi, alizibandika picha hizo sebuleni kwetu Singida Mjini, mahali palipokuwa na picha ya harusi yetu.

Gari lilikuwa na kazi moja. Mama yangu, kule Shelui, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alishaanguka kwenye ngazi ya basi, akaapa hapandi tena. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja mjini Jumatano moja tu ya Agosti. Wangeandikisha wagonjwa hadi saa sita mchana, kisha mpaka mwaka mwingine.

"Chama cha ushirika kinapiga mnada Landrova ndefu," nilimwambia. "Dereva ana kabini yake, nyuma kuna mabenchi. Mama atakaa kwa heshima."

"Mama Flora, hilo ni la kubebea pamba. Sisi ni familia ndogo. Mimi, wewe, Flora. Hesabu."

Nilihesabu. Vidole vya mkono mmoja vilibaki.

"Na mama?"

"Mama yako ni mgeni."

Gari likaja: fupi, jekundu, limebeba tairi la spea mgongoni kama mzazi mwenye kichanga. Linavuta kwa magurudumu yote manne. Leonard alimweleza hivyo kila mtu, hata aliyekuja kuomba chumvi. Viti vilikaribiana kiasi kwamba binti yetu wa miaka sita alimchoma baba yake mgongoni kwa magoti. Niliomba niendeshe. Nilikuwa na leseni. Niliendesha lori la ushirika miaka mitatu kabla ya kupunguzwa kazini.

"Hili lina ufundi," alisema. "Si lori."

Jumatano hiyo tulifika Shelui saa mbili asubuhi. Kwetu mkwe wa kiume hakai karibu na mama mkwe, hamtazami usoni, na salamu zao hupita kwa mtu wa tatu. Leonard alilijua hilo tangu posa. Lilimtoka tu akilini kwa miezi minne ya kutazama picha.

Nilimpandisha mama nyuma, kando ya Flora, kanga imeshuka hadi kwenye nyusi. Leonard akaingia kichwa kikiwa upande, kama mwizi wa kuku. Akawasha gari. Kisha, dereva makini, akarekebisha kioo cha ndani.

Mama alikuwa haoni vizuri, lakini uso wa mkwe wake uliojaa kwenye kioo aliuona.

"Yesu wangu!" walisema wote wawili, mara ya kwanza kukubaliana.

Mama akashuka bila kushikwa mkono. Leonard akageuza kioo kitazame paa.

"Mwambie mama sasa sioni kitu nyuma."

"Mwambie mume wako," mama alijibu, amempa mgongo, "gari la dereva asiyeona silipandi. Na magoti yangu hayatagusa mgongo wake. Bora nife na giza langu."

Safari ni ya saa tatu, barabara ni vumbi. Nikanyoosha mkono.

"Nini?"

"Funguo."

"Theodora, ule mlima wa Sekenke..."

"Niliupanda na magunia ya pamba. Shuka, Baba Flora."

"Na mimi?"

"Wewe ni mgeni."

Tulifika hospitali ya mjini saa sita kasoro dakika kumi. Leonard aliingia mjini jioni, juu ya lori la vitunguu, macho mekundu kuliko ya wagonjwa wote.

Mama alipasuliwa jicho siku hiyohiyo, na kesho yake akafunguliwa bandeji. Akachungulia dirishani, gari linang'aa uani. Leonard alikuwa amejibanza nje ya mlango wa wodi.

"Ndilo lenyewe?"

"Ndilo, mama."

"Mwambie mume wako amechagua vizuri."

Nilimsikia akikohoa kwa furaha huko nje.

"Linatutosha kabisa," mama akasema. "Mimi, wewe na Flora."